Kwa nini gemu isiyo na damu humtisha mtoto kuliko yenye damu?

Swali la msomaji: Mwalimu, naendesha kibanda cha gemu hapa Busia, upande wa Uganda. Nina televisheni mbili na PlayStation za zamani. Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili hushinda hapa akicheza Mortal Kombat na wenzake. Vichwa vinakatwa, damu inaruka, wao wanacheka mpaka wanashika mbavu. Juzi nilimwachia simu yangu, ina gemu inaitwa Limbo, nyeusi na kijivu tu, rangi haina. Akaicheza usiku kitandani. Baada ya muda mfupi alirudisha simu na kuomba taa isizimwe. Mama yake amenijia juu. Je, ni picha inayotisha au kitu gani? Na la pili: mtoto huyu anachora vizuri, anasema siku moja atatengeneza gemu yake. Mimi humwambia picha zetu hazitafikia za huko nje, na kompyuta zenyewe ziko wapi? Au nakosea?

Jibu: Ndugu yangu, la pili nalijibu kwa neno moja kabla hatujaenda mbali: unakosea. Sababu zake zimo ndani ya jibu la swali la kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Kazi yangu ni kuchora mandhari na wahusika wa gemu, na hapa Kampala nafundisha vijana wachache kazi hiyohiyo. Kila kundi jipya huja na imani kama yako, kwamba gemu humgusa mtu kwa kadiri picha yake inavyofanana na kitu halisi. Damu iwe damu kweli, jasho lionekane kwenye paji la uso, majani ya mti yahesabike. Kufikia hapo ni kazi ngumu na ina heshima yake, ila moyo wa mchezaji hauendeshwi na hayo. Unaendeshwa na kile ambacho picha inamwonyesha, kile inachomnyima, na kama kwa hicho alichopewa anajua la kufanya au hajui.

Tazama Mortal Kombat kwa jicho hilo. Kamera iko ubavuni na haijifichi. Wapiganaji wawili wanaonekana wazima, utosini hadi unyayoni. Juu ya skrini kuna mistari miwili ya uhai, kila mtu anajua nani yuko hoi. Hakuna kona, hakuna mlango nyuma yako, hakuna mtu wa tatu. Damu inayoruka ni nyingi kuliko ambayo mwili wa binadamu unaweza kubeba, na aliyekatwa kichwa anasimama tena mechi inayofuata akiwa mzima. Kwa mtoto wako ule ni ushindi uliotiwa chumvi, na wenzake wako hapo kupiga kelele. Gemu hiyo ilipotoka mwaka 1992 ilizua kelele kubwa Marekani. Mwaka 1993 Baraza la Seneti liliitisha vikao kuhusu ukatili kwenye gemu, na mwaka 1994 likaundwa shirika la ESRB la kupanga gemu kwa umri. Sikuambii kwamba damu hiyo inamfaa mtoto wa miaka kumi na miwili. ESRB yenyewe inasema ni ya miaka 17 kwenda juu, na ukiniuliza mimi, kibandani kwako ungeiweka saa za wakubwa. Nasema tu kwamba anachokiona pale kiko wazi chote, na kilicho wazi chote hakimnyimi mtu usingizi kirahisi.

Sasa Limbo. Ilitoka mwaka 2010, kazi ya Playdead, kampuni ya Copenhagen, Denmark. Inaanza gizani, halafu vidoti viwili vyeupe vinafunguka. Ni macho ya mtoto aliyelala msituni. Huambiwi jina lake, hakuna maandishi ya kukuongoza, hakuna mstari wa uhai wala ramani. Kilicho karibu ni kivuli cheusi, kilicho mbali ni kijivu kilichofifia, kingo za skrini zimetiwa giza, na picha nzima ina punje ndogo zinazotetemeka kwa mtindo wa filamu za zamani. Mtoto ni mdogo, kamera iko mbali naye. Anaweza kukimbia, kuruka, kusukuma na kuvuta. Silaha hana.

Nadhani mpwa wako aliishia kwa buibui, kwa sababu wengi huishia hapo. Angalia tukio lile lilivyopangwa. Unatembea kwenda kulia kama ulivyofanya tangu mwanzo. Kando ya mti kuna vitu virefu vyembamba, na kwa kuwa msitu mzima umejaa vitu virefu vyembamba, jicho linavipita. Halafu kimoja kinanyanyuka. Kinasimama hewani, kinangoja. Moyo unaruka hapo, kabla hakijashuka kuchoma. Mchoraji amevifanya mguu wa mdudu na tawi la mti kuwa na rangi moja na umbo linalokaribiana, amekuondolea alama ambazo macho hutumia kutenganisha chenye uhai na kisicho na uhai. Ukishachomwa mara moja, unarudishwa karibu na hapo na kuendelea, ila tangu dakika hiyo kila tawi unalishuku. Pengine mbele yako kuna matawi ya kawaida tu kwa mwendo mrefu, na bado vidole vinatoka jasho. Mchoraji amepumzika, akili yako ndiyo inayochora.

Ongeza na mahali alipochezea. Kibandani kwako mlango uko wazi, jua linapiga kwenye kioo cha televisheni, boda zinapita, mtu anauliza kama chapati zimebaki. Mtoto kitandani usiku ana mwanga mmoja tu, wa simu, ameuweka karibu na uso. Zile kingo nyeusi za skrini hazina mwisho tena: giza la gemu limeungana na giza la chumba. Mortal Kombat unayocheza chini ya blanketi ni ileile. Limbo chini ya blanketi inakuwa gemu nyingine. Ndiyo maana gemu nyingi za kutisha, kabla ya kuanza, humtaka mchezaji arekebishe mwanga wa skrini mpaka alama fulani ionekane kwa shida. Wanataka uone kidogo tu.

Jambo hili la kuficha lina historia itakayomfaa kijana wako. Silent Hill ya Konami, mwaka 1999, ilitengenezwa kwa PlayStation ya kwanza, mashine isiyo na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mara moja. Waundaji wakaufunika mji kwa ukungu na giza, mashine ikachora hatua chache tu mbele ya mchezaji. Halafu wakampa tochi, na redio inayokwaruza zimwi likikaribia. Redio inasema kuna kitu, ukungu unakataa kusema kiko wapi. Resident Evil ya mwaka 1996 ilikuwa na kamera zilizofungwa mahali pamoja kila chumba. Unasikia nyayo nyuma ya kona ambayo kamera haitaki kugeuka kukuonyesha. Ukifungua mlango, mashine ilihitaji muda kusoma chumba kinachofuata kutoka kwenye diski, kwa hiyo wakaweka picha ya mlango ukifunguka taratibu katikati ya weusi. Mashine ilikuwa inavuta pumzi, mchezaji naye akabana ya kwake. Upungufu wa kompyuta, huo unaoulalamikia wewe, ndio uliozaa picha mbili zinazokumbukwa mpaka leo na watu wa fani yangu.

Wala si ufundi wa kompyuta tu. Pale Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda hapa Kampala, ndani ya Muzibu Azaala Mpanga, nyumba iliyoungua Machi 2010 na kujengwa upya, pazia kubwa la kitambaa cha gome limetenganisha wageni na sehemu walikolazwa Kabaka wanne. Ng'ambo ya pazia huhesabiwa kuwa msitu mtakatifu na si kila mtu anaruhusiwa kuingia. Nimepeleka wanafunzi wangu pale na kuwaambia wakae chini, wanyamaze, kisha wanieleze ni nini kimewafanya washushe sauti. Makaburi hawajayaona.

Hofu ni hisia rahisi kuchora, niseme ukweli, na inapewa sifa nyingi mno. Huzuni ndiyo kazi. Kama kati ya PlayStation zako kuna ya pili au ya nne, tafuta Shadow of the Colossus. Ilitoka mwaka 2005, chini ya Fumito Ueda wa Japani, na mwaka 2018 ikatengenezwa upya kwa PlayStation 4. Kijana anataka msichana aliyekufa arudi, anaambiwa aue majitu 16. Basi. Nchi nzima ni tupu: nyika, mawe, daraja refu, upepo. Hakuna maadui wadogo wa kupiga njiani, hakuna sarafu za kuokota. Kamera inarudi nyuma mpaka kijana na farasi wake wanakuwa doa dogo kwenye uwanda, na upweke unakuingia bila mtu kusema neno. Majitu yenyewe yamevaa mawe na manyoya, yanatembea kwa uzito, na mengine hayakugusi mpaka uwe wewe uliyeanza. Unapanda mwilini kwa kung'ang'ania manyoya, unatafuta alama inayong'aa, unachoma. Linapoanguka, linaanguka polepole. Gemu nyingine ingekupigia fataki na kukuhesabia alama. Hii inakushikilia macho kwenye mwili unaolala chini, halafu nyuzi nyeusi zinatoka ndani yake na kukuingia wewe. Na kadiri unavyoua, sura ya kijana inazidi kuchakaa. Hakuna anayekuambia unafanya vibaya. Mchoraji amekubadilishia uso tu, akakuacha uone mwenyewe.

Journey ya mwaka 2012 inafanya hivyo kwa njia ya upole: mtu mwenye joho jangwani, mlima unaong'aa kwa mbali, skafu inayorefuka kila anapopata nguvu. Kwenye theluji mwendo wake unapungua na mgongo unainama, na wewe mwenye pedi unasukuma kwa nguvu zaidi, ingawa kusukuma zaidi hakusaidii kitu.

Rangi nazo huulizwa sana, na hapa watu hupenda kanuni za haraka: nyekundu hatari, buluu utulivu, njano furaha. Siziamini sana. Rangi hupata nguvu kwa kubadilika. Pac-Man ya mwaka 1980 ina mizimu minne inayokufukuza. Ukimeza tembe kubwa, yote inageuka buluu na kuanza kukukimbia wewe. Vipikseli vichache vimebadilika, na aliyekuwa mwoga sasa ni mwindaji. Gris, gemu ya mwaka 2018 kutoka Barcelona, inamfuata msichana aliyepoteza sauti katika dunia isiyo na rangi, na rangi hurudi moja baada ya nyingine, ikianza nyekundu. Nyekundu ile haimaanishi hatari. Inamaanisha kitu kimerudi.

Tena rangi haisomwi sawa kila mahali. Kitambaa cha gome cha Buganda, ambacho UNESCO iliingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2008, kwa watu wa kawaida ni cha rangi ya udongo mwekundu, na cha wafalme na machifu hutiwa weupe au weusi. Kinavaliwa kutawaza na kuzika. Weka kahawia ile nyuma ya mhusika, mchezaji wa Masaka atanyooka kwenye kiti, wa Oslo ataona ukuta. Weupe mtupu kwa Mwislamu wa Bombo au Arua unaweza kumkumbusha sanda. Mchoraji wa Tokyo hatakuchorea hilo. Kijana wako anaweza.

Kuna sehemu moja ambayo nataka uisikie wewe kama mwenye kibanda. Gemu nyingi za simu huuza masanduku ya bahati: unalipa bila kujua utapata nini. Angalia yanavyofunguka. Sanduku linatetemeka, mwanga unapenya kwenye nyufa, rangi inapanda kutoka kijivu kwenda buluu, zambarau, dhahabu, na kwenye zile zenye gurudumu la bahati, mara nyingi kile kitu cha maana kinapita karibu sana kabla gurudumu halijasimama. Hakuna hadithi hapo. Ni hamu ya kusubiri, imechorwa kwa ufundi uleule wa mlango wa Resident Evil, ila sasa mwisho wake ni pochi ya simu ya mama. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku ya kulipia ni kamari. Kwetu sheria ya mwaka 2016 inakataza mtu chini ya miaka 25 kucheza kamari, na bado mtoto wa miaka tisa anabonyeza gurudumu linalofanana kabisa na lile la duka la kubeti jirani. Mama yake mpwa wako alikujia juu kwa sababu ya buibui. Ningekuwa yeye, ningeuliza kwanza kuhusu masanduku.

Kwa usiku wa leo: usimwambie "ni katuni tu, acha woga," kwa kuwa woga wake ulitengenezwa na watu wazima wenye ujuzi na umefanya kazi kama walivyokusudia. Kaa naye mchana, kwenye kivuli cha kibanda, wewe ushike simu. Mfike kwa yule buibui, usimamishe, umwambie ahesabu miguu na akuonyeshe upi ni mguu na upi ni mti. Limbo pia ina mpangilio wa kuzima picha za kifo: badala ya kumwona mtoto akichomwa, skrini inakuwa nyeusi. Mtoto anayechora atapenda zaidi kujua ilivyofanywa kuliko kuendelea kuogopa. Akikataa, mwache, gemu haiendi popote.

Nirudi kwenye kompyuta. Mwaka 1944 wanasaikolojia wawili, Fritz Heider na Marianne Simmel, walionyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja vikizunguka karibu na kisanduku. Watazamaji karibu wote walisimulia visa: huyu mkorofi, yule mwoga, wale wawili wanapendana. Pembetatu! Hazina macho wala mdomo. Mwendo na nafasi kati yao vilitosha. Limbo imefanywa kwa vivuli. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion mwaka 2016 kwa michoro ya mkono iliyojaa mavazi na nakshi za Kiafrika, wala haikusubiri kufanana na picha ya kamera. Na hapa kwetu alitokea Lual Mayen, mtoto wa familia iliyokimbia vita Sudan Kusini, aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu kumnunulia laptop, na kwayo akaanza gemu yake Salaam, inayomweka mchezaji kwenye viatu vya mkimbizi. Kijana wako ana mjomba mwenye televisheni mbili na umeme wa kulipia. Ameanza mbele.

Ila aanze kidogo. Mwambie achore mahali pamoja anapopajua, kwa mfano foleni ya malori mpakani alfajiri, kwa rangi tatu tu, na mhusika mmoja asiyezidi ukubwa wa kidole gumba. Achore mara mbili: mara ya kwanza mhusika ajisikie salama, mara ya pili awe amepotea, bila kumchora uso. Atalazimika kucheza na umbali wa kamera, upande unaotoka mwanga, na kitu gani kimezibwa na lori. Kisha apige picha ya mchoro, aigeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu. Kama mhusika anapotea kwenye mandhari na hakukusudia apotee, mwanga umepangwa vibaya na rangi ilikuwa inamdanganya. Jaribio la pili alifanye kwa wateja wako: awaonyeshe mchoro kwa kufumba na kufumbua, auondoe, aulize "ungekimbilia wapi?" Wakijibu upande mmoja wote, mchoro unaongoza. Wakijibu kila mtu lake, arudi mezani. Wateja wa kibanda hawana adabu kwenye mambo haya, na kwa kazi yetu hiyo ni bahati.

Akishapata michoro, programu ya Godot ya kutengenezea gemu ni ya bure, si nzito, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya mitumba kwa gemu za pande mbili. Krita ya kuchorea nayo ni ya bure. Pakua zote mbili siku unapopata mtandao wa bei nafuu, uziweke kwenye flashi, asitegemee bando. Atengeneze chumba kimoja, mhusika mmoja, taa moja inayozimika. Akifika hapo nitumie nione taa inazimika saa ngapi.